Kuandaa kabare yako ya kwanza Mombasa na huku nawe unacheza

SWALI: Mimi ni mcheza dansi, naishi Mtwapa. Nacheza chakacha na dansi za jukwaani kwenye hoteli za Nyali na Diani kwa malipo ya usiku. Sasa mimi na wenzangu wanne tunataka usiku wetu wenyewe: kabare ya mtindo wa baleski, yaani dansi, vichekesho, na glavu na leso zinazovuliwa kwa madaha bila mtu kufika uchi. Ukumbi niliouona unaingiza watu 120. Mimi ndiye mwandalizi, nitacheza namba mbili, yaani vipande viwili vya dansi, na nafikiria niwe mshereheshaji pia ili kupunguza gharama. Sijawahi kuandaa chochote. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

JIBU: Dada, anza kwa kujipunguzia. Ushereheshaji uache kabisa, na zile namba mbili zifanye moja. Gharama unayodhani unaiokoa utailipa jukwaani, mbele ya watu waliotoa kiingilio.

Kucheza na kuongoza kundi kwa wakati mmoja si jambo geni katika fani hii. Lydia Thompson, Mwingereza aliyeipeleka baleski New York mwaka 1868, alikuwa nyota na mkuu wa kundi lake, lakini mambo ya biashara yalishikwa na meneja wake, Alexander Henderson. Nawe unahitaji mtu wa namna hiyo, ingawa kwa usiku mmoja tu. Chukua mfano wa nusu saa kabla ya zamu yako. Hapo ndipo unapotakiwa kunyoosha viungo, kubandika nyota usoni na kufunga vishikizo vya mgongoni. Ni nusu saa hiyohiyo mwenye ukumbi atataka salio lake, dijei atasema faili moja haifunguki, na mgeni mlangoni ataapa kwamba amelipa ila ujumbe haujaingia. Kila jambo ni la dakika tano. Ukiyashughulikia matatu, unapanda jukwaani umelowa jasho, kishikizo kimoja kimeachwa, na akili bado iko mlangoni.

Kwa hiyo tafuta watu wanne wasiocheza. Wa kwanza na wa lazima ni msimamizi wa jukwaa. Huyu ndiye anayeamua nani aingie, taa izimwe lini, na namba irukwe au isirukwe. Usimpe kazi hii mpenzi wako wala dada yako kwa sababu tu hatataka pesa. Mpe mtu asiyeona haya kukwambia wewe mwenyewe unyamaze ukavae. Wa pili ni mshika mlango, mwenye orodha ya majina na simu ya kupokelea malipo. Wa tatu ni mshereheshaji. Wa nne ni mwokotaji: anayeingia baada ya kila namba kuokota glavu, leso na shanga zilizodondoka, na kuweka kiti au sanduku la namba inayofuata. Wanaoandaa mara ya kwanza humsahau huyu, halafu mchezaji wa pili anateleza kwenye glavu ya wa kwanza. Mvalishe nguo nadhifu na mfundishe kuokota kwa mbwembwe kidogo, maana watazamaji watakuwa wanamtazama.

Kisha panga saa ya kukabidhi. Kama onyesho ni saa mbili usiku, basi saa kumi na mbili na nusu jioni unampa msimamizi funguo, orodha ya namba za simu, karatasi ya mtiririko wa onyesho, na pesa taslimu kidogo za dharura. Kuanzia hapo, anayekuuliza swali anajibiwa neno moja: muulize msimamizi. Waeleze wachezaji, mwenye ukumbi na dijei mapema, wasije wakadhani unawadharau. Msimamizi mpe ruhusa tatu kwa maandishi, atumie bila kukuuliza: kuruka namba, kubadilisha zamu za wachezaji wawili, na kusimamisha onyesho.

Namba yako uiweke wapi? Si ya kwanza, kwa sababu Mombasa watu huchelewa na nusu ya ukumbi itakuwa bado inatafuta viti. Si ya mwisho, kwa sababu mwisho kuna kuaga, malipo na watu wa kushukuru. Ya mwisho kabla ya mapumziko nayo ina taabu yake: ukishuka tu, umezungukwa na kila mwenye neno, nawe unahema. Iweke ya pili baada ya mapumziko. Unaanza kuvaa wakati sehemu ya kwanza inaelekea kuisha, na mapumziko yote unakaa chumba cha kuvalia, mlango umefungwa. Chagua namba ya zamani unayoweza kuicheza hata ukiamshwa usingizini. Namba mpya iweke kwa onyesho ambalo mwandalizi ni mtu mwingine. Ukitaka kuonekana mara ya pili, ungana na wenzako kwenye chakacha ya pamoja ya kufungia, ambayo hata ukikosea hatua mbili haivunjiki.

Pesa. Piga hesabu kabla ya kutia saini popote, na uipige kwa ukumbi usiojaa. Bei zilizo hapa ni za mfano, badala yake weka ulizotajiwa. Ukumbi 20,000, vyombo vya sauti na taa 18,000, wachezaji watano kwa 5,000 kila mmoja 25,000 (pamoja na wewe; usijifanye hujilipi), msimamizi 4,000, mshereheshaji 6,000, baunsa wawili 3,000, mwokotaji 1,500, mshika mlango 1,500, matangazo 3,000, usafiri wa usiku 6,000, maji na chakula cha nyuma ya jukwaa 3,500, vibali na muziki 8,000. Jumla 99,500. Ongeza 10,000 za dharura, inakuwa 109,500.

Sasa kiingilio. Kwa shilingi 1,000 unahitaji watu 110 wanaolipa kati ya viti 120 ili usipate hasara, na hiyo kwa onyesho la kwanza ni ndoto. Kwa shilingi 1,500 unahitaji watu 73. Hapo kuna kazi, lakini yawezekana. Kama unaona mji hautatoa 1,500, usipunguze malipo ya wachezaji. Tafuta ukumbi mdogo zaidi au mwenye ukumbi anayetaka biashara ya jikoni na vinywaji, akupe nafasi bure au kwa nusu bei usiku wa katikati ya wiki. Wageni wa bure wapunguze: mmoja kwa kila mchezaji, jina lake liandikwe siku moja kabla. Majina yanayoongezwa mlangoni ndiyo yanayokula faida.

Tarehe nayo ni pesa. Mwezi wa Ramadhani uache wote. Kama ukumbi uko wazi, epuka Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Wiki ya mwisho wa mwezi na siku chache za mwanzo ndizo watu wana hela mfukoni. Desemba kuna wageni wengi, ila pia kumbi huwa ghali na mafundi wa sauti wameshachukuliwa na harusi na hoteli.

Tukifika kwa ukumbi, jambo la kwanza ni ukweli. Wenye kumbi wengi wakisikia dansi wanafikiri taarabu au sarakasi, halafu wakiona tangazo wanashtuka na kufunga milango siku ileile. Mwandikie mwenye ukumbi barua fupi: ni dansi ya namna gani, vazi la chini kabisa litakaloonekana ni lipi, watazamaji ni wa miaka 18 na zaidi, mlango utafungwa saa ngapi. Ambatanisha picha ya vazi lenyewe likiwa limevaliwa. Akikubali, apate nusu ya pesa na mkataba unaosema nini kinatokea yeye akivunja. Hata kama ni rafiki wa familia, karatasi iwepo.

Kisheria, kumbuka kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinachofanya onyesho lisilo la adabu mbele ya umma kuwa kosa. Kinga yako ni jinsi ulivyoandaa: ukumbi uliofungwa usioonekana barabarani, kitambulisho kuangaliwa mlangoni, na kila mchezaji kuvaa bodi, yaani vazi la kubana mwili, la neti ya rangi ya ngozi iliyozibwa vizuri chini ya kila kitu. Sheria iwe kwamba bodi haivuliwi, hata watu wapige vigelegele namna gani. Baleski haipungui kwa hilo, kwani utamu wake uko kwenye kuchelewesha. Peleka barua kituo cha polisi cha karibu na uhakikishe nakala imepigwa muhuri. Kama sauti itatoka nje, kuna Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009; uliza kaunti kuhusu kibali mapema, si wiki ya onyesho. Pombe iuzwe na ukumbi wenye leseni yake, wewe usiiguse. Kwa muziki wa watu wengine, uliza bodi ya hakimiliki, KECOBO, ni mashirika gani yana leseni ya kukusanya malipo mwaka huu, kwa sababu hubadilika, na kuna watu hupita kumbini wakidai fedha kwa leseni iliyokwisha.

Mabango usibandike Mji wa Kale wala karibu na misikiti na shule. Si woga, watu wa huko si wateja wako, na simu moja ya malalamiko kwa mwenye ukumbi inatosha kukuharibia. Uza kwa orodha za watu mnaowajua, na picha ya tangazo iwe ya glavu, leso na kivuli. Na saa uiandike kwa mtindo mmoja tu. Ukiandika 8 kwenye tangazo na saa mbili kwenye karatasi ya dijei, kuna mtu atakuja saa nane mchana kufunga vyombo.

Karatasi ya mtiririko ndiyo itakayokuokoa ukiwa umejifungia unavaa, kwa hiyo iandike kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwaona mkicheza. Kwa namba saba au nane, ukurasa mmoja. Mstari mmoja uwe hivi: namba ya 5, jina la jukwaani, dakika 4 na sekunde 20, faili 05, mchezaji anaanza akiwa tayari jukwaani, giza, muziki ndio unaofungua taa, taa nyekundu, na nyeupe glavu ya pili ikitoka, kiti kimoja katikati ya jukwaa, mwisho ni mkono juu na muziki kukatika, taa zizimwe hapohapo, mwokotaji achukue glavu mbili, leso moja, kiti kibaki. Neno linalosahaulika zaidi ni hilo la nani anaanza, mchezaji au muziki. Dijei akibonyeza kabla mchezaji hajafika katikati, sekunde kumi za kwanza zimepotea na hatua zote zinachelewa.

Muziki ukusanye siku tatu kabla, usikubali viungo vya intaneti. Kila faili ipewe namba mbele ya jina: 01, 02, 03. Sikiliza kila moja hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi kuna ukimya wa sekunde kadhaa mwanzoni au wimbo wa pili umeungwa nyuma. Weka kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye simu iliyozimwa mtandao, maana simu ikiita katikati ya namba, mlio unatoka kwenye spika. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kabla ya kushika. Ajiri mpiga ngoma mmoja wa chakacha mwenye msondo au chapuo, akae pembeni ya jukwaa. Giza likiingia anaendelea kwa mdundo, mshereheshaji anawasha taa ya simu kumwelekea mchezaji, na watu wanadhani mlipanga.

Mavazi ndiyo yanayoonyesha kama onyesho limepangwa kwa hali ya hewa ya Mombasa au limeigwa kwenye video za nchi za baridi. Jasho hubadilisha kila kitu. Glavu ndefu za satini hung'ang'ania mkono uliolowa: nunua kubwa kidogo kuliko saizi yako, nyunyiza poda ndani na mkononi, usipake losheni siku hiyo, na fanya mazoezi ya kuzivua baada ya dakika kumi za kucheza, si ukiwa mkavu. Legeza ncha za vidole moja moja ukiwa umewageukia watu. Ukianza kwa kuvuta kutoka kiwikoni inajikunja na kukwama kwenye kifundo.

Kibwebwe nacho kina hila. Leso ya pamba ikilowa, fundo hujikaza, na ukitaka kulifungua jukwaani utapigana nalo mpaka wimbo uishe. Kwa hiyo leso ya kuvuliwa isifungwe kabisa. Ishone juu ya mkanda mpana wa lastiki, fundo la uongo lishonewe pembeni kwa uzi, na ufungaji halisi uwe vifungo viwili vya kubofya chini ya fundo. Mtu anaona kibwebwe, wewe unavuta mara moja kinatoka. Vifungo viwili ni kipimo kizuri: kimoja hufunguka chenyewe kwa mtikiso wa kiuno, vitatu havitoki kwa mvuto mmoja. Leso nzuri za rangi kali zipo Biashara Street, na mitumba ya Kongowea ina magauni ya jioni ya kukatwakatwa kwa bei isiyouma.

Zipu ziepuke mgongoni. Jasho na shanga huzikwamisha. Velkro inasikika ikichanika, itumie tu pale muziki una kishindo. Shanga zitunge kwa mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi, na kila baada ya shanga kumi piga fundo, ili uzi ukikatika zidondoke kumi tu na si mia. Nyota na vito vya ngozini: futa mafuta kwa spiriti, paka gundi ya wigi nyembamba, ngoja inatenate, kisha kandamiza kwa nusu dakika. Jaribu gundi hiyo mkononi siku moja kabla, kuna ngozi zinazowaka. Kuitoa, mafuta ya nazi yanatosha. Lakini mafuta hayo yasitumike kabla ya kucheza na mtu yeyote wa kundi, hata kwa kung'arisha miguu, kwa sababu yakidondoka sakafuni anayefuata akiwa pekupeku ataanguka.

Kumbi zetu nyingi zina panga boi darini. Pima urefu wake na mkono wako ukiwa juu umeshika upepeo wa manyoya. Hata kama haligusi, lizimwe kwa namba za leso nyepesi, kwa sababu upepo wake unapeleka kitambaa usoni. Na kama paa ni la makuti, hakuna mshumaa, hakuna mwenge, hakuna ubani unaofuka jukwaani. Hilo halina mjadala.

Kutunza kutaleta kizungumkuti usipokutangaza. Watu wetu wamezoea taarabu, mtu anainuka na noti anapanda mpaka kwa msanii. Kwa mchezaji aliyevaa bodi na shanga, mkono wa mgeni haufai kufika huko. Mshereheshaji aseme mwanzoni kabisa: pesa zinatiwa kwenye kapu linalopitishwa na mwokotaji, jukwaani hapandi mtu. Mkubaliane kabla kama kapu ni la aliyecheza au linagawanywa, mkiandika. Wanaotaka kutunza kwa M-Pesa wapewe namba ya till yenye jina la biashara. Namba ya simu ya mchezaji isitajwe hata kidogo, kwa sababu anayetuma huona jina lake la kitambulisho, na jina la jukwaani linakuwa halina kazi.

Picha vivyo hivyo. Simu ziwekwe stika kwenye kamera mlangoni, mpiga picha awe mmoja, na kila mchezaji aseme kwa maandishi kama anakubali picha zake zitumike na wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa taarifa zake. Wapo wenzako ambao familia hazijui, na hilo ni lao kuamua.

Siku yenyewe wachezaji wafike saa kumi jioni. Mazoezi ya ufundi yasizidi saa moja na nusu: usicheze namba nzima, cheza mwanzo, mabadiliko ya taa, na mwisho. Saa moja mlango unafunguliwa. Tangaza saa mbili, lakini panga moyoni mwako saa mbili na nusu, kisha anza hata kama viti vya nyuma ni vitupu. Sehemu mbili za dakika arobaini na mapumziko ya dakika ishirini zinatosha. Onyesho la urefu wa saa tatu huwachosha watu, na wa Likoni wanaanza kuondoka wakifikiria feri, ambazo usiku huwa chache.

Malipo yatoke usiku huohuo, na yasitegemee mlango. Weka pesa za wachezaji pembeni kabla ya onyesho, kutoka tiketi zilizouzwa mapema au mtaji wako. Kama huna, onyesho hilo bado halijaiva, lisogeze. Tuma M-Pesa pamoja na gharama ya kutoa, mchezaji akiwa bado hajatoka ukumbini, aithibitishe mbele yako. Kisha usafiri: teksi au tuktuk mbili zilizokodiwa zikisubiri nje, dereva anayejulikana, wanaoelekea njia moja wakae pamoja. Hakuna anayetoka na sanduku la mavazi saa tano usiku kwenda kusimamisha bodaboda barabarani. Wewe na msimamizi mtoke mwisho, baada ya kukagua chumba cha kuvalia na kumwonyesha mwenye ukumbi kwamba hakuna kilichovunjika, naye atie saini.